Jirani aliyedai negativu ya nyota



Leo naomba tutoke nje. Tuziache siasa zipumue kidogo, bei ya sukari tuiache ilipo, tukae uani na kutazama juu. Nitazungumzia darubini, nyota, na namna ya kuzipiga picha ukiwa nyuma ya nyumba yako. Lakini nitakapomaliza utaona kwamba sikwenda mbali na kazi yangu ya kila siku, ambayo ni kuuliza kama jambo tunaloonyeshwa ni la kweli.

Mwezi Julai 2025 shemeji yangu, anayefanya biashara ya vipuri kati ya Kariakoo na Guangzhou, aliniazima kifaa alichokuja nacho kutoka China. Ni darubini, ila usifikirie lile bomba refu la kuchungulia kwa jicho moja huku umepinda shingo. Hii haina hata mahali pa kuchungulia. Ni kisanduku cha kilo mbili na nusu kinachosimama juu ya miguu mitatu mifupi, chenye mkono mmoja unaoinuka, na mkononi mna lenzi ya upana wa milimita 50, yaani kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Ndani yake mna kamera, mota, kompyuta ndogo na betri inayodumu kwa saa kama sita. Kinachonaswa na kamera hiyo unakiona kwenye simu yako.

Jina lake ni Seestar S50, nayo hutengenezwa na kampuni ya ZWO ya mji wa Suzhou. Ilipoingia sokoni mwaka 2023 iliuzwa kwa kama dola 500 za Marekani, zaidi ya shilingi milioni moja za kwetu. Si fedha ndogo, lakini miaka kumi kabla ya hapo, mtu aliyetaka kupiga picha kama zinazopigwa na kisanduku hiki alihitaji vyombo vya kujaza meza na miezi mingi ya kujifunza kuvitumia. Ziko nyingine za aina hiyo, kama Dwarf ya China na Vespera ya Ufaransa. Kwa kuwa tumezoea kusema simu janja, na hizi naziita darubini janja.

Usiku wa kwanza niliiweka uani, nikaiunganisha na simu, nikabonyeza jina moja katika orodha ya vitu vya angani, nikaingia ndani kula. Niliporudi baada ya saa nzima, simu ilikuwa na picha ya wingu jekundu lenye mikunjo kama kanga iliyoanikwa kwenye upepo, na nyota zimetapakaa ndani yake. Hilo ni wingu la gesi katika kundi la Mshale, mahali ambapo nyota mpya zinazaliwa. Liko mbali kiasi kwamba nuru yake husafiri zaidi ya miaka 4,000 kabla ya kutufikia. Nikabonyeza kitufe kimoja cha kuisafisha picha, ikapendeza zaidi. Nililala nikiwa mwenye furaha.

Asubuhi nilimpelekea jirani yangu. Huyu ni mzee aliyepita miaka 70, ambaye kwa muda mrefu alikuwa na studio ya picha hapa mtaani. Nyumba nyingi za jirani zina picha ya harusi au ya ubatizo iliyopigwa naye, na wengi wetu pasipoti zetu za kwanza zilibeba sura aliyoitengeneza yeye kwa taa zake mbili na pazia lake la bluu. Studio aliifunga simu zilipoingia kila mfuko. Nikamwamkia, nikampa simu. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, hii imepigwa au imetengenezwa?"

Nikamjibu kwamba imepigwa, tena hapa uani, usiku wa kuamkia leo.

"Nani kaipiga?"

"Mimi, Mzee."

"Wewe ulifanya nini?"

Nikafikiri. Nilibonyeza jina, nikaenda kula ugali. Nikamweleza hivyo hivyo, maana mzee kama yule humdanganyi.

"Basi hukuipiga wewe," akasema bila ukali. "Na kama hukuipiga wewe, hujui imetoka wapi. Nionyeshe negativu."

Ndugu msikilizaji, kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwadai wengine ushahidi mbele ya kinasa sauti. Siku ile nilidaiwa mimi, nikakosa. Tena mzee hakuwa anatania. Mwaka 2023 palizuka mjadala mkubwa duniani baada ya mtu mmoja kuchukua picha ya mwezi aliyoifanya kuwa na ukungu makusudi, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta, akazima taa, kisha akaipiga kwa simu ya kampuni maarufu. Simu ikatoa mwezi wenye mashimo na mabonde yaliyo wazi kabisa, ingawa kwenye kile kioo hayakuwapo. Simu ilitambua kwamba huo ni mwezi, ikajaza yaliyokosekana kutokana na ilivyofundishwa. Je, darubini yangu nayo hainifanyii hivyo hivyo? Ikabidi nijifunze kifaa hiki kinafanya kazi vipi, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kujua kilipo na kinatazama wapi. Ukikiwasha, kinachukua kutoka kwenye simu yako saa na mahali ulipo. Kisha kinainua mkono wake na kupiga picha ya kipande chochote cha anga, na kulinganisha mpangilio wa nyota kilizoziona na ramani ya nyota iliyomo katika kumbukumbu yake. Wavuvi wa pwani wanaifahamu kazi hii. Nahodha akitaka kurudi kwenye mwamba wenye samaki, hulinganisha mnazi ule na mnara wa msikiti ule, vikikaa kwenye mstari mmoja anajua amefika. Darubini nayo husoma alama zake, ikagundua kwamba imekosea kidogo, ikajisogeza, ikapiga tena, hadi kile ulichokitaja kikae katikati. Hapo ramani inatumika kuelekeza tu. Haiingizi nyota hata moja ndani ya picha.

Hatua ya pili ndiyo yenye siri yote. Vitu hivi vya mbali vina nuru hafifu mno. Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde 10, inakusanya nuru kidogo ya wingu lile, pamoja na mwangaza wa taa za mji na chenga zinazozaliwa ndani ya kamera yenyewe. Picha moja ya namna hiyo haitamaniki. Kwa hiyo darubini hupiga nyingine, na nyingine, na nyingine, kwa saa nzima ukitaka, kisha huzipanga moja juu ya nyingine, nyota juu ya nyota.

Nitakupa mfano wa redio, maana huko ndiko niliko. Chukua mtangazaji anayesoma sentensi moja katika masafa mafupi yenye mikwaruzo mingi, nawe ukairekodi sentensi hiyo mara 100. Ukizijumlisha rekodi hizo neno juu ya neno, sauti ya mtangazaji itaongezeka kila mara, kwa sababu iko mahali pale pale. Mikwaruzo haina mahali maalumu, leo iko hapa, kesho iko pale, kwa hiyo inapigana yenyewe kwa yenyewe. Ndivyo ilivyo kwa chenga za picha. Ukipanga picha nne, chenga hupungua kwa nusu zikilinganishwa na nuru ya nyota. Ukipanga 100, hubaki sehemu moja ya kumi. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa na darubini, lakini hesabu ni ile ile.

Hatua ya tatu ni kushindana na mzunguko wa dunia. Dunia inajizungusha nyuzi 15 kila saa, kwa hiyo nyota hazitulii. Mota za darubini huifuata nyota inavyokwenda magharibi. Hata hivyo, kwa kuwa kisanduku kinageuka kushoto na kulia, na mkono unapanda na kushuka, taswira yenyewe hujizungusha taratibu ndani ya kamera kama mshale wa saa. Programu huigeuza kila picha ilingane na ya kwanza kabla ya kuipanga, na ndiyo sababu pembe za picha ya mwisho aghalabu huwa zimechakaa.

Hapa sisi tulio karibu na ikweta tuna mambo yetu ambayo vitabu vya Ulaya havituambii. Wingu maarufu la kundi la Jabari, ambalo wenzetu wa kaskazini hulipiga likiwa chini upande wa kusini, kwetu Dar es Salaam hupita karibu kabisa na utosi. Utafikiri hiyo ni bahati. La, pale utosini mzunguko wa picha huwa wa kasi mno na mota hushindwa kufuata. Lipige likiwa bado upande wa mashariki au limeshaelekea magharibi, kiasi cha nusu ya njia kutoka upeo wa macho, na hapo mzunguko unakuwa mdogo sana. Kadhalika wenzetu wa Ulaya siku hizi huinamisha darubini ili mhimili wake uelekee ncha ya anga. Kwetu ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho. Ungelazimika kukilaza kisanduku karibu kama mgonjwa, na uzito wote ukaning'inia upande mmoja. Mimi nisingethubutu, hasa kwa mali ya shemeji.

Hatua ya nne ni rangi, na hapa mzee alinibana. Kama ungelifikia wingu lile kwa darubini ya kawaida na kulitazama kwa jicho lako, ungeona moshi wa kijivu. Wekundu umetoka wapi? Jibu ni kwamba jicho la binadamu gizani halioni rangi vizuri, na wekundu ndio wa kwanza kupotea. Gesi ya haidrojeni iliyochokozwa na nyota za moto hutoa nuru nyekundu kweli kweli, ambayo kamera inaikusanya na jicho linaikosa. Wekundu upo, ila programu huukuza ili wewe uuone. Aidha, mna kichujio kinachopitisha zaidi nuru ya haidrojeni na oksijeni na kuzuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa za mji. Kinasaidia sana kwa mawingu ya gesi. Kwa makundi ya nyota na galaksi hakifai, kwa sababu nuru yao ina rangi zote, na ukiichuja unaitupa yenyewe.

Hatua ya tano ni kile kitufe nilichokibonyeza usiku wa kwanza. Nilipochunguza niligundua kwamba hicho hakipangi wala hakijumlishi kitu. Hutumia akili mnemba, yaani programu iliyofundishwa kwa picha nyingine nyingi, kukisia nyota na wingu vingefananaje bila chenga. Mara nyingi hukisia vizuri. Lakini kukisia ni kukisia. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, mzee aliposhuku, nusu ya shaka yake ilikuwa sahihi. Picha niliyompelekea ilikuwa imepigwa, kisha ikaguswa, na mimi niliyeipeleka sikujua.

Na ile negativu? Ipo. Darubini hizi zinaweza kuhifadhi kila picha ya sekunde 10 kama ilivyotoka kwenye kamera, katika faili za aina ya FITS ambazo wanasayansi wa anga wamezitumia tangu miaka ya 1980. Lakini katika mipangilio ya simu lazima uruhusu kila picha itunzwe. Usiporuhusu, hutunzwa ile ya mwisho iliyokwisha kupangwa. Mimi sikuwa nimeruhusu. Negativu za usiku wa kwanza hazikuwapo tena.

Nilimrudia mzee nikamweleza yote hayo, pamoja na kitufe. Hakunicheka. Akasema, "Na sisi tulikuwa na penseli. Bibi harusi akiwa na chunusi, unamgusa kwenye negativu, chunusi inaondoka. Alifurahi, nami nililipwa. Lakini picha ya polisi hukuthubutu kuigusa." Kisha akauliza, "Lini tunapiga nyingine?"

Tulipiga juma la mwisho la Julai, mwezi ukiwa mchanga na anga la kipupwe likiwa safi. Mzee alikuja saa 2 usiku na kigoda chake, kofia yake kichwani, na daftari la mistari. Alitoa masharti matatu. Kwanza, kitu cha kupiga atachagua yeye. Pili, intaneti ya simu izimwe. Tatu, tuanze na picha ya kwanza na asiondoke mpaka ya mwisho. Niliyakubali yote. Darubini huwasiliana na simu kwa mawimbi yake yenyewe, na ukishaiandaa mara ya kwanza haihitaji intaneti kufanya kazi.

Katika orodha alichagua Omega Centauri. Nilipomuuliza kwa nini, alisema jina lake halina urembo. Hili ni fundo la nyota kama milioni 10, lililo umbali wa miaka ya nuru kama 17,000. Watu wa kale waliliandika kama nyota moja. Mwingereza Edmond Halley, alipokuwa kisiwa cha St Helena mwaka 1677, ndiye aliyeona kwamba lina ukungu usio wa nyota. Usiku ule lilikuwa upande wa kusini-magharibi, juu ya mnazi wa mzee mwenyewe.

Picha ya kwanza ilitoka. Ilikuwa ya kijivu, imejaa chenga, na katikati palikuwa na doa kama vumbi la chaki ubaoni. Mzee akaandika daftarini: saa 2:34, moja. Ya tano ilifanana na ya kwanza. Zilipofika 20, doa likaanza kuwa na punje. Zilipofika 60, punje zilikuwa nyota, mamia kwa mamia, zimesongamana katikati na kutawanyika pembeni kama mchele uliomwagika mkekani. Mzee aliinama juu ya simu bila kusema neno. Nadhani nilijua anachokumbuka. Ndivyo picha inavyojitokeza kwenye karatasi ndani ya chumba cha giza, sura ikija taratibu kutoka mahali pasipo na kitu.

Mara akavua kofia, akaifunika lenzi. Hesabu ya picha ikasimama. Simu ikalalamika kwamba haioni nyota. Akangoja dakika mbili nzima, akaiondoa kofia. Baada ya muda mfupi hesabu ikaendelea pale ilipoachia. Akaandika tena.

Ilipokaribia saa 3 na robo, simu ilianza kukataa picha moja baada ya nyingine. Nilidhani betri imechoka. Nilipoinua macho nikaona sababu. Fundo la nyota lilikuwa limeshuka na kuingia nyuma ya makuti. Kesho yake tulifungua zile faili kwenye kompyuta. Zilikubaliwa 212, zilikataliwa 31. Zikitazamwa moja moja zilikuwa nyeusi, hazina rangi, hazina mvuto wowote. Lakini kuanzia zile za mwisho tuliona doa jeupe lenye ukungu likiingia kutoka pembeni na kuzifuta nyota kidogo kidogo, picha kwa picha. Lilikuwa kuti, limemulikwa na taa ya barabarani.

"Huo ni mnazi wangu," akasema mzee, na kwa mara ya kwanza akacheka. "Hiyo hawana huko kwenye intaneti."

Nikamwuliza kama sasa ameamini. Akanijibu kwamba swali hilo si zuri. "Sijaamini. Nimeona negativu."

Ndipo nikamsimulia habari ya mpiga picha mwenzake. Mwaka 1882 ilitokea nyotamkia kubwa iliyoonekana vizuri sana kutoka kusini mwa dunia. David Gill, aliyekuwa mkuu wa kituo cha anga cha Cape huko Afrika Kusini, hakuwa mtaalamu wa kupiga picha. Alimwendea mpiga picha wa eneo la jirani la Mowbray, Bwana Allis, wakaifunga kamera kwenye darubini ili iweze kufuata mwendo wa anga, wakaiacha wazi kwa muda mrefu. Walipozisafisha picha, nyotamkia ilikuwapo, na nyuma yake zilikuwapo nyota nyingi mno ambazo hawakuzikusudia. Gill akatambua kwamba anga lote la kusini linaweza kuandikwa kwa picha. Negativu za vioo zikapigwa Cape na kusafirishwa hadi Groningen, Uholanzi, ambako Jacobus Kapteyn alizipima kwa miaka mingi. Orodha yao ya nyota zaidi ya 450,000 ilichapishwa kati ya 1896 na 1900.

Angalia jambo hili, ndugu msikilizaji. Kapteyn alipima anga la Afrika akiwa Ulaya, kwa sababu negativu ilimwezesha mtu asiyekuwapo kukagua kazi ya aliyekuwapo. Picha nzuri peke yake isingemfaa. Mzee wangu alipodai negativu alikuwa anadai jambo hilo hilo: asitegemee neno langu.

Sasa kwa wewe unayefikiria kununua kifaa hiki, labda kwa shule, labda kwa vijana wako, au kwa kuchangishana watu watano, nina machache ya kukuambia.

Usitarajie sayari. Lenzi hii ni fupi, na Zohali itaonekana kama punje yenye masikio. Uwezo wake uko kwenye vitu vipana na hafifu: mawingu ya gesi, makundi ya nyota, galaksi ya Andromeda ambayo nuru yake imesafiri miaka milioni mbili na nusu, na yale Mawingu ya Magellan ambayo wenzetu wa Ulaya hawayaoni kabisa. Sisi tunaona karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, na hilo ni jambo ambalo watu hukata tiketi za ndege kulitafuta.

Tafuta mahali pasipo na taa inayokumulika moja kwa moja. Siku moja umeme ulipokatika mtaani, watu wakinung'unika, dakika 20 za giza zilinipa picha bora kuliko saa nzima ya juzi yake. Masika usijisumbue. Umande wa pwani nao ni adui, hivyo washa kile kipashio kidogo cha lenzi, ingawa kinakula betri. Na jua usilielekee kamwe bila kichujio chake maalumu kinachokuja na kifaa, maana utaunguza kamera. Kwa jicho lako usijaribu hata kidogo.

Kuliko yote hayo, ruhusu kila picha itunzwe. Andika tarehe, saa, mahali, idadi ya picha, na ulichokifanya baadaye. Ukibonyeza kile kitufe cha akili mnemba, sema umebonyeza. Si dhambi kupendezesha picha, kama isivyokuwa dhambi kumwondolea bibi harusi chunusi. Kosa ni kuileta picha ya harusi mahali panapotakiwa picha ya polisi.

Nasema hivi kwa sababu tunaishi wakati ambapo picha ya mtu akihutubia mkutano ambao hakuuhudhuria inaweza kutengenezwa kwa muda wa kuchemsha chai. Tunazipokea kila siku kwenye simu, tunazituma kwa ndugu, tunagombana kwa ajili yake. Wengi wetu tumeishia kwenye moja ya njia mbili: ama tunaamini kila kitu, ama hatuamini chochote. Mzee wangu alinionyesha ya tatu. Aliuliza imetoka wapi, akaenda kukaa kwenye kigoda kwa muda wa dakika 40 na zaidi, akaifunika lenzi kwa kofia yake.

Shemeji amekwisha kuja kuchukua mali yake, na mimi na mzee tunachanga ya kwetu. Zile picha mbili nilizichapisha. Wingu jekundu lililopendezeshwa liko ofisini, na kila anayeingia hulisifia. Ya Omega Centauri, moja katika zile zilizokataliwa, yenye doa la kuti pembeni, iko ukutani kwa mzee, chini yake ameandika kwa kalamu tarehe, saa, na neno moja: mnazi. Ameniambia Kilimia ikirudi kupanda jioni, mwishoni mwa mwaka, nisianze kabla hajafika.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane juma lijalo, Mungu akipenda.